Neno Alilofutiwa Verediana

Verediana alifutiwa neno katika hadithi yake, na aliyemfutia hakumuuliza. Halikufutwa mahali pamoja. Lilifutwa kila lilipokuwa, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi pale alipokuwa amefikia, kwa kubonyeza mara moja. Jambo hilo lilitendeka Jumatano ya Majivu ya mwaka 2024. Aliyelitenda ni Deus, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye jioni ile alifika nyumbani kwa dada yake, Mlabani, kurudisha kompyuta aliyoichukua kuitengeneza, akiwa na msalaba wa majivu kwenye paji la uso na sura ya mtu anayesubiri kushukuriwa.

“Shikamoo, dada. Nimekusafishia,” alisema, akaiweka kompyuta mezani taratibu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. “Virusi vyote vimetoka. Na hadithi nayo nimeisafisha.”

Verediana alikuwa anachambua mchicha. “Hadithi nayo ilikuwa na virusi?”

“Ilikuwa na mabado. Kila ukurasa BADO, BADO, kwa herufi kubwa, kama magunia ya mashineni. Sasa dada, utawapelekea watu wa Dar es Salaam kazi imeandikwa bado? Si watasema hujamaliza?”

“Sijamaliza.”

“Basi wasijue.”

“Umeyatoaje?”

“Amri moja tu. Unaandika neno unalotaka litafutwe, pa kubadilishia unapaacha wazi, halafu unabonyeza badilisha zote. Imekwisha. Wewe ungekaa mwezi mzima unayachomoa kwa mkono.”

Verediana alifuta mikono kwenye kanga, akaivuta kompyuta upande wake, na kwa muda hakuifungua. Alikuwa anaogopa jambo moja tu, na jambo hilo Deus hakuwa na habari nalo, kwa sababu hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa kitu alichokisafisha.

Kwa asiyewahi kuandika kitu kirefu, huenda kosa hili likaonekana dogo. Si dogo. Verediana anaendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Kiberege, kando ya barabara kuu, mashine iliyoanzishwa na mama yao mzazi. Msimu wa mavuno magunia hujaa hadi dirishani, na mama alikuwa na utaratibu wake: gunia lisilokobolewa aliliandika BADO kwa mkaa, ubavuni, mahali panapoonekana toka mlangoni. Hakuandika sababu. Mpunga mmoja ulikuwa na unyevu ukahitaji kuanikwa tena, mwingine mwenyewe alikuwa hajafika na alitaka kusimamia kwa macho yake, mwingine ulipata zamu umeme ukakatika. Sababu zote mama alikuwa nazo kichwani. Gunia lilihitaji neno moja tu la kumzuia mtu asilibebe.

Verediana alipoanza kuandika hadithi yake, mwaka 2019, aliuhamishia utaratibu huo kwenye kompyuta bila kuufikiria mara mbili. Kila aya iliyokuwa na upungufu aliimalizia kwa neno BADO, kwa herufi kubwa. Pengine jina la mtu lilikuwa halijampendeza. Pengine alihitaji kuuliza wazee kama kivuko kilikuwa kinasimama masika yote au siku za mafuriko peke yake. Mara nyingi sababu ilikuwa kwamba mteja ameingia na mpunga, na mazungumzo ya watu wa kwenye hadithi yakakatwa katikati. Asubuhi, kabla wateja hawajafika, alifungua faili, akaiambia programu imtafutie BADO, ikamrusha hadi kwenye gunia linalofuata. Alilikoboa akiweza. Akishindwa, aliliruka.

Mtu mwenye chumba chake, mlango wa kufunga na mke wa kumpikia chai anaweza kuandika hadithi tangu mwanzo hadi mwisho kwa mfululizo. Mwanamke mwenye mashine, wateja, zamu ya jumuiya na misiba ya ukoo huandika kwa vipande, na anayeandika kwa vipande asipojiwekea alama hupotea ndani ya kazi yake mwenyewe. Zile BADO zilikuwa ndiyo njia ya Verediana ya kurudi. Kaka na wadogo na mashemeji wanaojitolea kusaidia wangefanya hisani kubwa zaidi kama wangeanza kwa kuuliza kitu kinatumika kwa kazi gani kabla ya kukiondoa.

Lakini hilo silo alilokuwa anaogopa jioni ile. Aliogopa zile za herufi ndogo.

Mwaka 1983 baba yao alivuka mto kwa kivuko, akaelekea upande wa Malinyi kutafuta shamba la mpunga. Hakurudi. Haikuonekana maiti, haikuja barua, hakutokea mtu wa kusema alimwona mahali. Verediana alikuwa na miaka kumi na moja, Deus alikuwa na minne. Mama yao aliulizwa kisimani, aliulizwa kanisani, aliulizwa na kila aliyeleta mpunga: “Mama Vere, baba Vere amerudi?” Alijibu, “Bado.” Ndugu wa mume walishuka toka Mahenge kumshauri akubali matanga yafanyike, mambo yaishe, naye awe mjane kama wajane wengine. Aliwapikia, aliwatandikia, na asubuhi aliwajibu, “Bado.” Alilisema neno hilo bila kulia na bila kuinua sauti, kama anavyosema mtu ambaye wali wake haujaiva. Alifariki mwaka 2016 bila kuvaa nguo nyeusi ya mumewe hata siku moja.

Hadithi ya Verediana ilikuwa ya mwanamke huyo. Alimpa jina Margareta, mume akampa jina Severini, mengine akayabadilisha ili ukoo usigombane. Neno la mama hakulibadilisha. Margareta wake aliulizwa kila sura, na kila sura alijibu neno moja.

Verediana alifungua faili, akateremka hadi sura ya pili, mahali padri anapokuja kumtembelea Margareta. Akasoma kwa sauti, polepole, kila alama kama ilivyokuwa.

“‘Severini amerudi?’ padri akauliza. Fungua mtajo, nukta, funga mtajo.”

“Nini?” Deus akauliza.

“Ndivyo ulivyomjibisha. Nukta.”

Deus aliinama kutazama. Kwenye kioo palikuwa na alama mbili za mtajo na nukta katikati yake, mfano wa jicho lisilo na kope. Verediana alishuka chini. Shangazi anauliza, nukta. Mwenye kivuko anauliza, nukta. Mtoto anauliza, nukta. Mahali pengine palikuwa na kichekesho kibaya: “Chakula kilikuwa, wageni wakaendelea kungoja.” Pengine palikuwa pabaya bila kichekesho. Aliandika mwenyewe, na aliikumbuka siku aliyoiandika, sentensi isemayo: “Mbele ya Mungu na mbele ya majirani, Margareta alikuwa bado mke wa Severini.” Sasa iliandikwa: “Mbele ya Mungu na mbele ya majirani, Margareta alikuwa mke wa Severini.” Sentensi nzuri, imenyooka, haina kovu lolote. Kilichokufa ndani yake ni ndoa.

“Kulikuwa na kisanduku,” Verediana alisema. “Pale unapotoa amri yako. Kisanduku kidogo cha kuiambia mashine itofautishe herufi kubwa na ndogo.”

“Kipo.”

“Ulikitia alama?”

Deus alijikuna shingo. “Dada, bado ni bado.”

“Rudisha.”

“Nilishaifunga faili. Ikishafungwa haikumbuki.”

“Kuna nyingine kwenye flashi.”

Deus aliitoa flashi mfukoni, akaiweka mezani kando ya kompyuta.

“Nilinakilisha hii juu yake,” Deus alisema. “Ili zote zifanane. Nilifikiri utachanganyikiwa ukiwa na mbili.”

Verediana aliirudia ile sahani ya mchicha, akachambua majani mawili matatu, akayaweka pamoja na mizizi.

“Nilikuomba utume Dar es Salaam sura tatu za mwanzo,” alisema. “Angalau zimekwenda hizo tatu tu?”

“Nimetuma yote, ikiwa imeshasafishwa. Niliona tatu hazina uzito.”

*

Mchapishaji wa Dar es Salaam hakujibu Februari, wala Machi. Katika miezi hiyo Verediana alijaribu kujisaidia. Ilimjia siku moja, akiwa anapima pumba, kwamba neno likitolewa katikati ya sentensi huacha nafasi mbili zilizokuwa kushoto na kulia kwake. Kama ndivyo, basi kila jeraha lilikuwa na pengo lake, na programu ingeweza kuyatafuta mapengo. Alimpigia Deus simu palepale huku vumbi la pumba likimkereketa kooni, na kwa mara ya kwanza tangu Majivu alizungumza naye kwa sauti ya kawaida.

“Nafasi mbili mbili?” Deus alisema. “Aa. Zile nazo nilizibana, dada. Zilikuwa hazipendezi.”

Verediana alikata simu. Oliva, msaidizi wake wa mashineni, alimtazama usoni akashika mzani yeye.

Bi Salha, mhariri wa yule mchapishaji, alipiga simu katikati ya Aprili, mashine ikiwa inaunguruma. Verediana alitoka nje akasimama karibu na marundo ya pumba, kidole kimoja sikioni.

“Bi Verediana, hongera. Wasomaji wetu wote wawili wameipenda,” Bi Salha alisema. “Kuna sehemu hazijakaa sawa, hilo nisikufiche. Mjomba anaingia mlangoni sura ya nne na hatujui alikwenda wapi. Lakini ule ukimya. Yule mwanamke anaulizwa, na wewe unaweka alama tupu. Miaka yote nimefanya kazi hii, sijaona mwandishi anathubutu hivyo. Ule ukimya ndio kitabu.”

“Bi Salha, huo si ukimya. Hapo pana neno limefutwa.”

“Neno gani?”

“Bado.”

“Kila mahali?”

“Kila mahali. Ni mdogo wangu. Alikuwa anasafisha.”

Upande wa pili kulikuwa na kimya kirefu, na Verediana aliona hicho ndicho kimya cha kweli cha kwanza katika habari hii yote.

“Nikwambie kitu, na usinichukie,” Bi Salha alisema mwishoni. “Bila hilo neno ni nzuri zaidi.”

“Kwa nani?”

“Kwa msomaji. Mwanamke aliyenyamaza, msomaji anamjaza mwenyewe. Mwanamke anayesema bado, bado, bado, samahani, anachosha.”

“Aliwachosha,” Verediana alisema. “Aliwachosha padri, mashemeji na kijiji kizima miaka thelathini na mitatu. Ndiyo kazi aliyoifanya. Hakunyamaza hata mara moja, Bi Salha. Aliulizwa akajibu. Ninyi mkimchapa kanyamaza mtakuwa mmewapa wale mashemeji walichokuwa wanakitaka.”

Bi Salha hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole mkubwa, na upole huo ulimkera Verediana kuliko ukali. Kamati ilikuwa imeupitisha mswada uliopo. Ukitumwa uliopo, pamoja na marekebisho madogo, kitabu kingeingia mtamboni mwaka uleule. Ukitumwa mwingine, ungehesabiwa kuwa mswada mpya, na ungepanga foleni na miswada mipya, na hakuna mtu aliyeweza kuahidi kwamba ungepita. “Fikiri,” alisema. “Una umri wa miaka mingapi, Bi Verediana?”

“Hamsini na miwili.”

“Kitabu cha kwanza.”

“Cha kwanza.”

“Basi fikiri vizuri.”

Alirudi ndani. Oliva alikuwa amezima mashine. “Wamekataa?” aliuliza.

“Wamekubali,” Verediana alisema, na jinsi alivyolisema ilimfanya Oliva ampe pole.

Alifikiri, tena kwa haki. Kitabu kilichotoka ni kitabu, na Kiberege hakuna mtu angejua kilichokosekana. Angeweza hata kusifiwa. Ila aliporudi nyumbani na kuufungua tena ule ukurasa wa padri, aliiona ile nukta, akamwona mama yake amesimama mlangoni mwa mashine kafumba mdomo, jambo ambalo hakuwahi kumwona akilifanya. Alimwandikia Bi Salha ujumbe mfupi wa kuomba apewe nafasi ya kutuma mswada mpya. Kisha akampigia Deus.

“Kila Jumapili baada ya misa utakuja hapa,” alimwambia. “Utaisoma yote. Kwa sauti.”

“Mimi nisome? Si wewe ndiye unayejua yalipokuwa?”

“Mimi siyajui tena. Nikiisoma mwenyewe kichwa kinayajaza na macho hayaoni. Namtaka mtu ambaye hajawahi kuisoma.”

*

Verediana aliichapisha hadithi kwenye karatasi katika duka la Yasser, hapohapo Mlabani. Yasser, mtu mwenye kujali jina la duka lake, alizifuatilia karatasi zilipokuwa zinatoka, akatoa moja na kuiinua kwenye mwanga.

“Mama, hapa mtu kaulizwa hajajibu. Na hapa. Usije ukasema ni wino wangu.”

“Si wino wako, Yasser.”

“Maana mashine yangu haifuti maneno ya watu.”

“Najua. Ingekuwa na ndugu ingefuta.”

Jumapili ya kwanza Deus alisoma kama mtu anayesoma matangazo ya parokia. Verediana alikaa barazani na kompyuta mapajani, akawa anamsimamisha. Kazi ilikuwa ya kuudhi kuliko walivyotegemea, kwa sababu kila pengo lilihitaji hukumu. Pale palipokuwa na alama za mtajo tupu hapakuwa na ubishi. Lakini mwisho wa aya je? Huenda palikuwa na BADO ya kazi, yenye maana kwamba aya haijakamilika, na huenda hapakuwa na kitu. Deus, ambaye mwanzoni alitaka wamalize mapema awahi mpira, alianza kubisha.

“Hapa palikuwa na alama,” alisema.

“Hapakuwa. Aya hii niliimaliza.”

“Hujaimaliza, dada. Huyu mjomba ameingia mlangoni toka ukurasa ule kule, hajapewa kiti, hajasalimiwa, hajatoka. Amesimama tu. Mjomba wa wapi huyo?”

“Mteja aliingia.”

“Wapi, kwenye hadithi?”

“Kiberege. Mteja aliingia na mpunga nikaacha. Weka alama.”

“Niweke bado?”

“Deus.”

“Nauliza tu. Maana ukiweka bado tena, tutarudi palepale.” Alifikiri kidogo. “Weka herufi isiyo ya Kiswahili. Q. Weka Q mbili. Hakuna neno letu lenye Q. Hata mtu akija kukufutia zote, hatakufutia kitu kingine.”

Lilikuwa wazo jema, na ndiyo maana lilimkasirisha Verediana: lingekuwa jema vilevile siku moja kabla ya Majivu. Aliandika QQ nyuma ya mjomba, na tangu hapo kazi zote zilizobaki zikapewa QQ, na neno la mama likaachiwa mama peke yake.

Walifika sura ya sita mwezi wa Juni, wakati magunia yameshaanza kuja na Verediana ana vumbi hadi kwenye nyusi. Sura hiyo ina mtoto. Kila jioni mtoto huyo wa Margareta hukaa kizingitini na humuuliza mama yake swali moja, naye mama hujibu bila kuacha anachokifanya. Deus alikuwa ameanza kusoma vizuri zaidi wakati huo. Alisoma mtoto alivyokaa, alisoma mama alivyokuwa anapepeta, alisoma swali: “‘Mama, baba amerudi?’” Kisha akasoma, bila kusita na bila kutua, “‘Bado,’” akaendelea na sentensi inayofuata.

Verediana alikuwa ameweka vidole tayari kwenye kompyuta. Hakuandika. “Rudia,” alisema.

Deus alirudi nyuma, akaitazama karatasi, akaona kwamba haikuandikwa kitu.

“Sijui limetoka wapi,” alisema.

“Unajua.”

Deus aliiweka karatasi mapajani akainyoosha kwa kiganja, ingawa haikuwa imekunjika. “Shuleni walikuwa wananiita Deusi Bado,” alisema. “Wewe ulikuwa bweni, hukuwepo. Mwalimu akiita majina, darasa zima linaitikia. Deusi! Bado! Hata mwalimu siku moja alicheka. Nikirudi nyumbani namkuta mama naye analisema hilohilo kwa mtu wa mpunga.”

“Hukuniambia.”

“Ningekuambia nini? Kwamba nataka mama aseme amekufa?”

Jirani alipita akasalimu, wakaitikia wote wawili, akapita.

“Kwa hiyo ulijua unachokifuta,” Verediana alisema.

“Hapana. Haki ya Mungu, dada, nilikuwa nafuta zile kubwa. Ila nilivyoona zimekwisha zote, nilijisikia vizuri. Hilo siwezi kukudanganya.”

Mtu mwingine angesema hapo Verediana alilainika, wakakumbatiana. Haikuwa hivyo. Alimwonea huruma mtoto aliyeitikiwa na darasa zima, na alimkasirikia mtu mzima wa miaka arobaini na mitano aliyefuta kabla ya kusema. Vyote viwili vilikaa pamoja bila kimoja kukiondoa kingine.

“Ungeniambia hilo jambo,” alisema, “ningeliandika. Lingekuwa kwenye kitabu. Mtoto anayeitwa kwa jibu la mama yake. Umenificha sura nzima, halafu ukaja kunifutia zilizobaki.”

“Si uandike sasa.”

“Nitaandika. Na utakaa hapo unieleze walivyokuwa wanaitikia, na mwalimu alikuwa nani.”

“Mwalimu yuko hai, dada. Yuko Kisawasawa, ana maduka.”

“Nitambadilisha jina. QQ.”

Basi hadithi, badala ya kufupishwa na matengenezo, iliongezeka. Deus alisimulia kwa shingo upande Jumapili mbili, na ya tatu akasimulia bila kuombwa. Walibishana juu ya mambo ambayo hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kuyaamua: mama alikuwa anashika ungo kwa namna gani, kama ndugu wa Mahenge walikuja mara mbili au walikuja kila mwaka, kama neno lile alilisema akiwa amemtazama mtu au akiwa amempa mgongo. Deus alishikilia kwamba aliwatazama. Verediana alikuwa ameandika kwamba aliwapa mgongo. Alikwenda akarekebisha, sura baada ya sura, huku akinung’unika kwamba hiyo nayo ni kazi ambayo alama yake haikuwahi kuwepo.

Septemba alituma mswada mpya, kwa mkono wake, akiwa ameketi kwenye duka la Yasser, na hakumruhusu mtu kugusa kompyuta hadi barua pepe ilipoondoka. Kabla ya kutuma aliiambia programu itafute QQ. Ikajibu kwamba hakuna.

Bi Salha alipiga simu baada ya sikukuu ya Noeli. Alisema kamati imegawanyika. Mmoja aliona mwanamke huyu anasema sana. Mwingine alitaka kujua kwa nini sura ya mtoto anayeitikiwa na darasa haikuwepo mara ya kwanza.

“Na wewe?” Verediana aliuliza.

“Mimi niliisoma nikiwa nimekasirika, kwa sababu nilikuwa nimeuzoea ukimya wangu,” Bi Salha alisema. “Nilivyofika katikati nikajikuta naogopa asije siku moja akajibu kitu kingine. Kila wakimuuliza nashika roho. Sasa nisikilize. Tutachapa hii. Ila kuna ombi dogo. Sura ya mwisho, tufute moja tu. Ile ya mwisho kabisa. Tumwache amenyamaza hapo peke yake.”

“Hapana.”

“Hata hujafikiri.”

“Nilifikiri Aprili.”

Mkataba ulipofika, Verediana aliusoma wote, hata maandishi madogo yaliyokuwa chini, akaurudisha bila kuusaini. Alitaka kiongezwe kifungu kimoja. Mwanasheria wa mchapishaji aliandika kwamba kifungu cha namna hiyo si cha kawaida. Verediana alijibu kwamba lililomfika nalo halikuwa la kawaida, na kwamba hana haraka, mavuno yako mbali. Wiki zilipita. Bi Salha, ambaye Verediana alikuwa amemsimulia yote, aliandika kwamba amewaeleza wanakamati habari ya Deus na msalaba wake wa majivu, na chumba kizima kilicheka, halafu kikaacha kucheka. Kifungu kikaongezwa.

Kitabu kilitoka tarehe 17 Mei 2025, na Margareta anajibu hadi mstari wa mwisho. Tangu tarehe 2 Juni mwaka huohuo, kila mkataba anaoutoa mchapishaji yule, kwa mwandishi yeyote, una kifungu hichohicho alichokidai Verediana, kinachosema kwamba hakuna neno litakaloondolewa kwenye mswada kabla aliyeliandika hajaulizwa na kujibu.